Sauti ya Kukwaruza na Pasi ya Mama Rispa

Nilikuwa nimekaa chini kwenye zulia la gurudwara, hekalu la Kalasinga, hapa Nakuru, miguu nimeikunja kwa namna ambayo magoti ya umri wangu hayaikubali tena, nikijiuliza kama soksi yangu ya kushoto ina tundu na kama mtu aliye nyuma yangu analiona, wakati mzee mmoja mrefu mwenye kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani alipojishusha polepole kando yangu, akapumua kama lori lililofika kilele cha mlima, akasema, “Digrii. Bado unaogopa?” Tangu ujana wangu hakuna mtu aliyeniita Digrii. Niligeuka nikamwona Owuor, mpiga gitaa, au tuseme nilimwona babu fulani ambaye ndani yake Owuor alikuwa amejificha. Sote tulikuwa tumekuja kumuaga Mzee Harbans, fundi wa redio, na baada ya sala tulikuwa tumepangwa kwenye mistari kula dengu na chapati kama wageni wote wanavyokula pale, bila kuulizwa mtu ni nani. Sikioni Owuor alikuwa na kifaa cha kusikilizia, na kila alipotafuna, kifaa kile kilitoa sauti ndogo ya kukwaruza. Yeye hakuonekana kuisikia. Mimi niliisikia, nikaacha kutafuna, kwa sababu sauti ile ilikuwa imewahi kunitawala wiki nzima.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikiwa na digrii ya fizikia na woga wa kila kitu kingine. Nilikuwa nasubiri serikali iniambie nitafundisha shule gani, na kusubiri kwa mtu wa aina yangu ni kazi ya kutwa. Nilipanga chumba Kaloleni, kwenye ploti ya Mama Rispa, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye alikaanga samaki mbele ya mlango wake na kuuza pamoja na ugali na sukuma. Ukuta kati ya chumba changu na jiko lake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua habari zangu zote kabla hazijanifikia. “Huyu msichana amesoma,” nilimsikia siku moja akimwambia mteja, “amesoma mpaka ametokea upande ule mwingine. Jana nimemuuliza kama anataka samaki mkubwa ama mdogo. Amesimama hapo akifikiria mpaka samaki akapoa.” Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nikifikiria kwamba samaki mkubwa ana nyama zaidi lakini mdogo huiva hadi ndani, na kwamba swali lenyewe huenda lilikuwa mtego.

Kwa Mzee Harbans niliingia kwa sababu redio yangu ilikuwa imenyamaza. Alipoifungua na kusema tatizo ni kapasita, kibuyu kidogo cha kutunzia umeme, mimi nilisema huenda ni kapasita lakini huenda pia si kapasita, na tukabishana juu ya meza ile mpaka chai ikaletwa na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Biji. Mwishowe mzee alinipa chuma cha kulehemu. “Beti,” alisema, akiniita binti kwa lugha yake, “wewe naongea sana. Shika hii, mdomo nanyamaza kidogo.” Nikakishika, mdomo ukanyamaza kweli, na kesho yake nikarudi. Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba nyuma ya soko, redio zimejaa kwenye rafu hadi darini kama wagonjwa wanaosubiri zamu, na harufu ya lehemu ikichanganyika na tangawizi ya chai ya Biji. Mchana tulikula hapohapo mezani, chapati na achari ya maembe, tukisogeza skrubu kando kwa viwiko. Mzee Harbans alikuwa na imani moja kuhusu kazi yake, nayo ni kwamba kelele ni dhambi. Alikuwa akiinamisha kichwa kwenye spika, kilemba kikigusa kitambaa chake, anafumba macho, na akisikia mkwaruzo mdogo kabisa anatikisa kichwa kama daktari anayetoa habari mbaya. Kuitoa kelele ile ndiyo ilikuwa furaha yake ya duniani.

Basi siku moja akaingia kijana mrefu amebeba amplifaya, kikuza sauti cha gitaa, begani kama gunia, na kumbe ndivyo alivyozoea kubeba, maana siku za kazi alikuwa akibeba magunia ya mahindi kwenye ghala moja kule Rongai, na mwisho wa wiki akipiga gitaa katika bendi iliyoitwa Vumbi Jazz. Mzee Harbans alikuwa ametoka. Nilikuwa peke yangu, na hali ya kuwa peke yangu na mteja ilinifanya niwe rasmi kupita kiasi.

“Salama, madam,” alisema Owuor. “Hii amplifaya iko na sauti ya kukwaruza.”

Aliichomeka, akashusha gitaa mgongoni, akagusa uzi mmoja. Ikatoka sauti kama mtu anayechana gunia huku akiimba.

“Naisikia,” nikasema kwa huruma.

“Shida yake, inakuja inaenda. Asubuhi iko, mchana haiko. Sasa mimi nataka uitengeneze, ikae.”

“Itakaa,” nikamwahidi.

Nimefundisha kwa miaka mingi tangu siku ile, na kila nilipowakuta walimu wa Kiswahili kwenye chumba cha walimu nilitamani kuwaeleza jambo hili, lakini niliogopa wangedhani nawafundisha kazi yao. Kutengeneza ni kukirudisha kilichoharibika katika hali yake. Lakini kutengeneza pia ni kuunda kitu na kukifanya kiwepo. Na ile “i” iliyo katikati ya “uitengeneze” inafaa amplifaya na inafaa sauti vilevile, haichagui. Mimi niliipa amplifaya. Owuor alikuwa ameipa sauti. Tukaagana kwa adabu, kila mmoja akiamini ameeleweka.

Nikaifungua ile amplifaya. Ilikuwa ya zamani, na ndani nilikuta transista moja, kidude chenye miguu mitatu kinachoipa sauti nguvu, iliyochoka, inayoishiwa nguvu kila sauti inapopanda, na spika yenye ufa kwenye karatasi yake. Nikabadilisha transista. Nikaziba ufa kwa gundi na karatasi laini, nikasubiri ikauke, nikaipaka tena kwa sababu sikuiamini mara ya kwanza. Mzee Harbans aliporudi akainamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza, na alipoinuka alikuwa na machozi. “Beti,” alisema, “hapana kelele hata moja. Safi kama maji ya mvua.” Siku hiyo Biji alituletea na halwa.

Owuor alikuja Jumamosi na gitaa lake. Akachomeka, akapiga, akasimama. Akapiga tena taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua ina watu.

“Iko wapi?” akauliza.

“Iko wapi nini?”

“Sauti.”

“Si hiyo?”

“Hii ni sauti ya kwaya. Nauliza ile ya kukwaruza.”

“Nimeitoa,” nikasema, bado nikitarajia kushukuriwa.

“Umeitoa,” akasema Owuor polepole, “ukaiweka wapi?”

Ninakiri lilikuwa swali la haki, kwani nilijikuta naangalia kopo la takataka. Tulilimwaga juu ya meza. Zilikuwamo transista nyingi zilizokufa, zimechanganyika kama maharagwe, na hakuna hata moja iliyojitokeza kusema ndiyo yeye. Owuor akakaa kwenye stuli akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyotamani kuingia ndani ya mojawapo ya zile redio. Amplifaya yao haikuwa imeharibika, ama ilikuwa imeharibika vizuri. Mwenye hoteli mmoja, Mzee Kamande, mkulima wa ngano kutoka Mau Narok, aliyejenga ukumbi nyuma ya hoteli yake hapa mjini, aliisikia sauti ile siku moja bendi ikipiga kwenye harusi. Akawaambia waje Jumapili ya wiki ijayo wapige kwenye bugi ya mchana, dansi ya vijana. Wakipiga na sauti ileile, Jumapili zote ni zao. Wakishindwa, atanunua mashine ya kucheza sahani za santuri, ambayo, alisema, hailewi na haiombi chakula. “Na mimi, Digrii,” akamalizia Owuor, akilitumia jina ambalo nadhani alikuwa amelisikia kwa Mama Rispa, “nitabeba magunia mpaka mgongo ufanane na gunia.”

Mzee Harbans alikuwa amesikiliza yote haya huku akisugua ndevu zake. “Mimi miaka yote natoa kelele kwa redio ya watu,” akasema. “Sasa huyu nakuja duka yangu nataka kelele?”

“Ndiyo, Sardar,” akasema Owuor, akimwita kwa jina la heshima la Kalasinga.

“Kelele ni bure. Ende simama barabarani.”

“Sardar, ile ya barabara haina noti.”

Mzee akafikiri. Nadhani kilichomshinda si hoja ya Owuor bali uso wangu, ambao ulikuwa umefikia hatua ya kutetemeka. “Beti,” akaniambia, “wewe umeharibu kwa kutengeneza. Haya, sasa tengeneza kwa kuharibu.” Akavaa koti akaenda kunywa chai kwa jirani, asione.

Mtu mwingine angechukua waya akaanza. Mimi nilichukua kalamu. Niligundua kwamba zipo njia mbili za kulifanya gitaa likwaruze, na ugunduzi huo ulinikosesha raha, kwa sababu kama njia ingekuwa moja ningelala. Njia ya kwanza ni ya transista. Unaipa transista mzigo mkubwa kuliko inavyoweza kuubeba, nayo inajitahidi, inapayuka, mpaka sauti inaikauka, kama mgombea udiwani siku ya mwisho ya kampeni. Mkwaruzo wa njia hii unatoka kifuani kwa transista yenyewe. Njia ya pili ni ya dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Hapa transista inasukuma sauti tu, haipayuki, halafu mbele yake unaweka dayodi mbili zimetazamana kinyume, na kila wimbi linalopanda kupita kiwango chao linakatwa. Ni kama kinyozi: anapitisha mashine, kilichozidi kinaanguka, na kichwa hakiulizwi maoni. Nikaunda zote mbili juu ya vibao, nikamwita Owuor asikilize, na hapo tatizo langu likaongezeka, kwa sababu zote mbili zilikuwa na haki.

“Hii ya transista,” akasema Owuor, akipiga, “ni mama anagombana sokoni. Nyanya zinaruka.” Akahamisha waya. “Hii ya dayodi ni mama huyohuyo, lakini sasa yuko kanisani. Anagombana na meno yamefungwa.”

“Lakini hata hii ya pili ina transista,” nikaeleza, “ila si yeye anayekwaruza.”

“Kwa hivyo yeye ni shahidi tu.”

“Naam, shahidi.”

Mzee Harbans, ambaye alikuwa amerudi na kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya, akasikiliza zote mbili kwa uchungu. “Moja nakula sauti,” akatoa hukumu, “ingine nakata sauti. Zote mwizi.” Kisha nikamwona akiinamisha kichwa, kidogo tu, upande wa ile ya dayodi.

Owuor aliipenda ile ya transista. Alisema ndiyo sauti yao yenyewe, imefufuka. Lakini transista nilizokuwa nazo zilikuwa za aina ya zamani, zisizopenda joto, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini sauti yake ilikuwa ikija na kuondoka. Asubuhi, baridi ya Nakuru ikiwa bado mtaani, kile kibao kilinguruma kama simba aliyeshiba. Mchana, jua likishapiga mabati, kilianza kukohoa, kikapwita, kikanyamaza. Nilikifuatilia siku nzima kama muuguzi. Nilikipepea kwa gazeti. Na kulikuwa na jambo jingine, kwamba lazima kibao kikae ndani ya chuma, la sivyo kinaokota mvumo wa umeme wa ukumbi mzima, na chuma hicho lazima kihimili kukanyagwa, kwa maana Owuor alitaka kuwasha na kuzima mkwaruzo kwa mguu huku anapiga.

“Kama pedeli,” akasema.

“Gitaa nakuwa baiskeli sasa?” akauliza Mzee Harbans.

Tulijaribu kopo la biskuti. Owuor alilikanyaga mara moja likawa sahani. Tulijaribu sanduku la sabuni la shule, likateleza chini ya kiatu hadi nje ya mlango, Owuor akilifuata kwa mguu mmoja. Ndipo jioni moja, nikila samaki mbele ya jiko la Mama Rispa, nikaiona pasi yake ya makaa imekaa juu ya jiwe: chuma kizito, ndani mna uwazi wa kutosha, kifuniko chenye bawaba na jogoo mdogo wa chuma wa kukifungia, mashimo pembeni ambapo waya zingepita kana kwamba zilitobolewa kwa ajili yangu. Wala isingeteleza popote.

“Mama Rispa,” nikasema, “naomba kuazima pasi.”

“Ya kupiga nguo?”

Nilifikiria. Kueleza ukweli kungehitaji kuanza na transista, na Mama Rispa alikuwa anakaanga. “Kwa namna fulani,” nikajibu.

“Chukua. Hata mimi nilikuwa najiuliza utaanza kupiga nguo pasi lini.”

Basi pasi ikawa pedeli. Nilifunga kibao cha transista ndani yake juu ya kipande cha mbao, nikaunganisha swichi na yule jogoo wa kifuniko, karibu na mpini, na Owuor alipoikanyaga dukani asubuhi ya Jumamosi, chupa za Biji ziligongana kwenye rafu. Lakini kwa kuwa mimi ni mimi, kibao cha dayodi sikukitupa. Nilikifunga ndani ya soksi nikakiweka kwenye mkoba wangu. Sikuwa na sababu. Nilikuwa tu naona kwamba kitu kilichochaguliwa ndicho huwa kinaharibika, na kisichochaguliwa kinakaa salama kwenye soksi kikikusubiri useme samahani.

Jumapili asubuhi jua lilipanda mapema kuliko nilivyopanga. Chumba changu kilikuwa cha mabati, na nilianza kuwaza transista zangu zinavyopashwa moto taratibu ndani ya chuma, kama mayai. Nikatoa pasi nje. Nikaiweka karibu na bomba, kwenye kivuli, pale sakafu ikiwa na unyevu na upepo ukipita, mahali penye baridi kuliko pote kwenye ploti ile. Nilijisifu. Kisha nikaenda kwenye kioski kununua betri mpya, nikachelewa kwa sababu zilikuwapo za aina mbili.

Niliporudi, harufu ilinipokea langoni. Mama Rispa alikuwa amesimama mbele ya meza, amevaa nusu ya sare yake ya akina mama wa kanisa, anapiga pasi ile nusu nyingine.

“Digrii,” akasema bila kugeuka, “asante kwa kurudisha pasi. Lakini uliipigia nini? Leo inanuka kama treni.”

“Transista zangu!” nikapiga kelele.

Akaishikilia pasi hewani. “Redio?” akauliza, kwa maana kwa Mama Rispa, kama kwa watu wote wa siku zile, transista ni redio ndogo ya mkononi. “Uliweka redio ndani ya pasi?”

Akafungua jogoo, akainua kifuniko ili atafute redio. Makaa, aliyoyamwaga humo bila kuangalia kwa haraka ya kanisa, yalikuwa mekundu, yamejipanga juu ya kazi yangu ya wiki nzima, na kapasita moja iliyobaki hai ikachagua wakati huo kupasuka, pap! “Shindwe!” akapaza sauti Mama Rispa, akaitupa pasi chini, makaa yakatawanyika, majirani wakatoka, na mmoja akaanza kuomba kwa sauti kabla ya kuuliza kuna nini.

Owuor alifika kwa baiskeli katikati ya maombi hayo, gitaa mgongoni, shati limenyooka. Aliangalia pasi. Aliangalia makaa na vipande vyeusi vya plastiki vilivyoganda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliliegemeza gitaa ukutani, akakaa juu ya lile jiwe, akaitazama mikono yake, na nikajua anayaona magunia.

“Kuna ile nyingine,” nikasema.

“Ya kanisani?”

“Iko kwenye soksi.”

Nimewahi kuulizwa na wanafunzi wangu ni lini nilijua nataka kufundisha fizikia, na sijawahi kuwajibu kweli. Ilikuwa pale uani. Chuma cha kulehemu kilikuwa dukani, duka lilikuwa limefungwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupata nafasi ya kufikiria njia mbili. Niliomba kisu. Mama Rispa, ambaye alikuwa bado hajaelewa lakini alijua uso wa mtu aliye taabani, akanipa kile cha samaki. Tulikusanya makaa yaleyale yaliyoua transista, nikapasha ncha ya kisu juu yake, na kwa kisu kile nikalehemu kibao cha dayodi ndani ya pasi ileile, Owuor ameshika mpini kwa kitambaa, Mama Rispa akipepea kwa mfuniko wa sufuria na kuuliza, “Hiyo nayo ni redio?” Chuma kilikuwa bado na joto, majivu yakiwa kwenye pembe, na dayodi zile hazikujali hata kidogo. Zilikuwa za aina mpya, zisizobabaishwa na moto kirahisi, na transista yao, kwa kuwa ilikuwa shahidi tu, haikuwa na mzigo wa kuichosha.

Ukumbi wa Mzee Kamande ulikuwa umejaa. Vijana walikuwa na suruali pana kiasi kwamba zilifagia sakafu, na sakafu ilizihitaji. Mzee Kamande alikaa mbele na kofia yake ya shambani magotini. Mzee Harbans na Biji walikuwapo pia, mzee akiwa ameziba masikio kwa pamba kama mtu aliyekuja kwenye mlipuko. Owuor alipoiweka pasi jukwaani, kicheko kilianzia nyuma. “Oyaa, anataka kupiga nguo!” akasema mmoja. “Boss, anza na shati yangu!” Wimbo ukaanza ukiwa safi, sauti ya kwaya, na Mzee Kamande akachukua kofia yake kutoka magotini kama mtu anayetaka kuondoka. Hapo Owuor akainua mguu akamkanyaga jogoo.

Kilichotoka kwanza ni majivu. Yalifuka kwenye mashimo ya pembeni, wingu dogo la kijivu hadi magotini mwake, na kutoka ndani ya wingu lile ikatoka sauti. Haikuwa ile ya kwanza. Hii haikuchana gunia. Iliguna, ikabana, ikavuta noti moja ndefu bila kuiachia, imefunga meno, mpaka nikahisi meno yangu mwenyewe. Kicheko kilikoma. Halafu msichana mmoja akapiga ukelele, “Pasi!”, ukumbi mzima ukaitikia, na suruali zikaanza kufagia. Mimi sikucheza. Nilikuwa namwangalia Mzee Kamande. Nyuma yangu nilimsikia Mama Rispa, aliyekuja moja kwa moja kutoka kanisani akiwa bado ananuka plastiki, akimwambia kila aliyekuwa karibu, “Hiyo ni pasi yangu. Ndiyo. Ni yangu.”

Bendi ilipopumzika, Mzee Kamande alimwita Owuor, nami nikaenda naye, kwa kuwa nilikuwa nimeandaa maelezo.

“Kijana,” akasema mzee, “hiyo si ile sauti.”

“Hapana, mzee,” akasema Owuor.

“Ile ya kwanza ilikuwa kama trekta yangu ikipanda Mau na mzigo.” Akazungusha kofia. “Hii ni kama trekta hiyohiyo ikishuka na gia.”

Nilifungua mdomo nieleze kuhusu dayodi. Owuor alinikanyaga mguu, kwa uzoefu.

“Kupanda ndiko kunaua trekta,” akaendelea mzee. “Ile yenu ingekufa. Hii inajua breki. Kujeni kila Jumapili. Na hiyo pasi isibaki nyumbani.”

Nilipogeuka, Mzee Harbans alikuwa ametoa pamba ya sikio moja. La pili lilibaki limezibwa, kwa heshima ya msimamo wake. Lakini wiki ileile alipanda ngazi akaongeza maneno kwenye kibao cha duka, chini ya yale ya zamani yaliyosema tunatengeneza redio za kila aina: “Na kuharibu pia.” Biji alicheka siku nzima, chai ikaungua. Mama Rispa alikataa pasi mpya aliyonunuliwa na bendi, akasema apewe kiti cha mbele cha kudumu, na akakipata. Muda mfupi baadaye serikali ikakumbuka kwamba nipo, nikapelekwa kufundisha mbali. Sikupata kusema kwaheri vizuri, kwa sababu nilitumia siku ya mwisho kufikiria niseme nini.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani pale kwenye zulia, sahani ya dengu ikipoa magotini. Chumba cha sala kilikuwa karibu, na kutoka humo tulisikia kinanda cha mkono na ngoma ndogo, watu wakimwimbia Mzee Harbans taratibu. Owuor aliinamisha kichwa upande wa muziki, kwa namna ileile mzee alivyozoea kuinamisha chake kwenye spika. Kifaa kikakwaruza. Mara hii akakisikia. Alikunja uso, akakigusa kwa kidole.

“Digrii,” akasema, “hiki kitu kina sauti ya kukwaruza. Kitengeneze.”

Niliweka sahani chini. Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha, kwa sababu mtu hujifunza, hata kama inamchukua nusu karne.

“Nitengeneze iondoke,” nikamuuliza, “ama nitengeneze ikae?”

Kinanda kilikuwa kimeshika noti moja ndefu, na sikioni mwake, naamini, noti ile ilikuwa inapita katikati ya mkwaruzo, imebana, imefunga meno. Akafumba macho.

“Ngoja kwanza wimbo uishe,” akasema, na chini, ndani ya soksi, mguu wake wa kulia ukabonyeza zulia.